Alichokisoma Neville Midomoni

Kwa miaka ishirini na sita Neville Clegg alichunga bwawa la kuogelea la mji wa Colne, na katika miaka yote hiyo hakuchelewa kazini hata siku moja. Alifika alfajiri, akapima dawa ya maji, akapiga deki vyumba vya kuvulia nguo, akaokota soksi na miwani walizosahau watoto wa shule, kisha akawafungulia mlango wazee wa saa moja, wale wanaoogelea polepole huku wakisimuliana habari za magoti yao. Ukutani palikuwa na ubao wa makatazo. Usikimbie. Usimsukume mwenzako. Usiteme mate. Kila Ijumaa Neville aliufuta ubao ule vumbi, na alipofika kwenye katazo la tatu mkono wake uliharakisha.

“Nev,” wazee walimtania wakiwa ndani ya maji, “hilo la tatu uliliandika wewe nini?”

“Ogeleeni,” aliwajibu. “Midomo haichomi mafuta.”

Walicheka, maana mji mzima ulimjua. Zamani, kabla nywele hazijamtoka na nyonga yake haijabadilishwa kuwa ya chuma, Neville alikuwa mwimbaji wa Kutu, bendi ya muziki wa panki ya watu watatu iliyotoka katika mji huu wa viwanda vya pamba ikasikika mpaka redio za London. Trevor Ormerod alipiga gitaa. Hilary Shackleton alipiga ngoma. Neville aliimba huku akipiga gitaa la besi. Bendi iliishi miaka mitatu tu, lakini watu waliokuwa vijana wakati ule hawakuwahi kuiacha ife. Walipomkuta Neville baani walimnunulia bia, na kila mara walimwomba awasimulie jinsi Kutu ilivyovunjika. Naye aliwasimulia, na kila mara alisema uongo uleule.

Jumatatu moja ya mwezi wa Septemba, bwawa likiwa tupu, Leanne Ormerod aliingia akiwa na koti la mvua. Alikuwa binti wa Trevor, mwanamke wa miaka thelathini na mitano, mwalimu wa hesabu, na alikuwa amemzika baba yake mwezi wa Aprili.

“Mjomba Nev, weka hilo deki chini. Nina neno.”

“Likiwa zito nikae kwanza.”

“Kaa basi. Klabu ya wafanyakazi inafungwa. Kamati wameshindwa, paa linavuja, wanachama ndio hao wanaokufa mmoja mmoja. Jumapili ya mwisho wa Oktoba ndiyo siku ya kuaga, na wanataka Kutu ipige. Mchana, baada ya mchezo wa bingo.”

“Kutu ipi, mwanangu? Baba yako yuko makaburini. Mimi nikiruka natua vipande vipande.”

“Gitaa nitapiga mimi. Zile nyimbo nimelelewa nazo kama uji. Na Hilary nimemwendea Skipton.”

Neville alikaa kwenye benchi.

“Alikufukuza?”

“Alinipa chai na keki. Amesema atakuja kupiga ngoma. Ila ana sharti moja.” Leanne alimtazama usoni. “Anataka usimame mbele za watu useme alichokuambia yeye siku ile kule Bradford. Nikamwambia, ‘Mama Hilary, lakini Mjomba hakukusikia, kelele zilikuwa nyingi, hata baba alituambia hivyo.’ Akacheka. Si kicheko kizuri. Akasema, ‘Muulize Neville mama yake alikuwa anafanya kazi gani.’ Haya, nakuuliza. Bibi alikuwa anafanya kazi gani?”

“Alikuwa mfumaji,” alisema Neville.

“Basi?”

“Basi ndiyo hivyo.”

Leanne hakuelewa. Alizaliwa wakati mitambo ya mwisho imekwisha kuuzwa kama chuma chakavu, na hakuna aliyemweleza mambo ambayo mama na bibi za Colne waliyajua kama kupumua. Lakini Neville alielewa.

Katika chumba cha ufumaji cha kiwanda walichofanya kazi mama zao palikuwa na mitambo mia nne, na yote ikipiga kwa pamoja hakuna sikio la binadamu lililoweza kupokea neno. Mtu angeweza kupiga yowe kando ya shavu la mwenzake asisikike. Kwa hiyo wafumaji walizungumza kwa midomo. Walilitamka neno bila sauti, polepole, kwa uso mzima, nyusi na mashavu yakisaidia, na mwenzao aliyekuwa mtambo wa nne au wa tano akalisoma kama mtu anavyosoma kibao cha duka. Kwa njia hiyo walisengenya, waliombana chumvi, walipeana pole za misiba. Walizoea hata wakaibeba nyumbani. Wanawake wawili walisimama pande mbili za barabara wakasimuliana habari nusu saa nzima bila sauti, magari yakipita katikati. Na watoto wao waliipata bila kufundishwa. Annie Clegg na Bessie Shackleton walichunga mitambo ya jirani kwa miaka kumi na minane, na watoto wao, Neville na Hilary, walichapwa darasani kwa kosa la kuzungumza bila mwalimu kusikia kitu.

Mwaka wa sabini na sita Neville alipunguzwa kazini akiwa na miaka kumi na tisa. Trevor naye hakuwa na kazi. Hilary alikuwa bado kiwandani, lakini kila mtu alijua kiwanda hakifiki mbali. Mvua ilinyesha, foleni ya msaada wa serikali ilizunguka kona ya ofisi ya posta, na vijana hawa watatu wakaingia katika stoo ya bucha ya baba yake Trevor, wakaanza kupiga kelele zao. Hawakujua muziki. Trevor alijua mikao mitatu ya vidole kwenye gitaa. Hilary alipiga ngoma jinsi mtambo unavyopiga, bila kuchoka na bila kupamba. Neville hakuwa na sauti nzuri, lakini alikuwa na hasira, na alikuwa na kipaji cha kuwafanya watu wamtazame.

Walikuwa na misimamo, na si haki kuibeza. Kiingilio chao kilikuwa kile kile kwa kila mtu, na asiye nacho alisaidia kubeba spika akaingia bure. Hawakuwa na bosi. Nyimbo zote ziliandikwa kwa majina matatu. Santuri yao ya kwanza, nakala mia tano, waliikunjia majalada wenyewe juu ya meza ya jikoni ya Annie Clegg, naye akawapikia pai ya nyama na viazi na kuwaambia kwamba ule si wimbo, ni ajali. Mtu aliyeona vijana wakiozea barabarani miaka ile hawezi kusema kwamba hayo hayakuwa mema.

Lakini jambo moja halikuwa jema tangu mwanzo.

Magazeti ya mwaka wa sabini na saba yaliandika kwamba vijana wa panki kule London huwatemea mate wanamuziki wao, na kwamba hiyo ndiyo pongezi yao. Colne hakuna aliyewahi kumwona mtu wa panki. Walikuwa na gazeti tu. Siku Kutu ilipopiga kwa mara ya kwanza, katika ukumbi wa klabu ya wafanyakazi, watu sitini walisimama kimya mikono mifukoni, wakiona haya, wasijue mashabiki wa muziki huu wanatakiwa kufanya nini. Neville aliona siku yake inamponyoka. Akashika kipaza sauti.

“Mnangoja kuletewa chai? Hamsomi magazeti? Temeni basi!”

Wakatazamana. Mmoja akatema. Wa pili akatema. Kufikia mwisho wa wimbo ukumbi mzima ulikuwa unacheka na kutema, na Neville alisimama katikati ya mvua hiyo mikono wazi kama mfalme anayevishwa taji. Ndivyo gazeti lilivyowafundisha watu desturi, na ndivyo kijana mmoja alivyoifanya sheria. Baadaye aliipa hata utaratibu. Katika wimbo wao mkubwa, “Zamu ya Mwisho,” kwenye ubeti wa tatu magitaa hukatika ikabaki ngoma peke yake, Neville akainua mkono wa kulia juu ya kichwa, na alipoushusha watu wote wakatema kwa pamoja. Watu walisafiri kutoka Leeds na Manchester kwa ajili ya mkono ule.

Mwimbaji anaweza kukwepa. Mpiga gitaa anaweza kugeuka. Mpiga ngoma ameketi, mikono yake ina kazi, uso wake uko wazi kama ukuta.

“Nev, iondoe hiyo kitu,” Hilary alimwambia zaidi ya mara moja. “Nanuka mate mpaka kwenye nywele. Na wengine wana mafua.”

“Ndiyo salamu yao, Hilary. Wanatupenda.”

“Mwambie anayenipenda aandike barua.”

Siku moja mjini Preston alipanda jukwaani akiwa amevaa miwani ya kuogelea. Lilikuwa jambo la akili, na mtu mwenye utu angelinyamazia. Neville aliona watu wanamtazama Hilary badala yake. Akaenda kwenye kipaza sauti.

“Jamani, mtusamehe! Mpiga ngoma wetu amekosea basi, alikuwa anakwenda kuogelea!”

Ukumbi ulilipuka. Wakaanza kuimba, “Piga mbizi! Piga mbizi!” Hilary alivumilia nyimbo mbili, kisha akaivua, akaitupa nyuma ya ngoma, na hakuivaa tena.

Mwezi wa Novemba mwaka wa sabini na tisa walikuwa katika ziara ya miji kumi na mitano. Jicho la kulia la Hilary lilianza kuwa jekundu mji wa sita. Mji wa nane lilikuwa limefumba. Trevor alisema apelekwe hospitali.

“Baada ya Bradford,” alisema Neville. “Bradford watu mia tisa, na mwandishi anakuja kutoka London. Hilary, unaweza?”

“Naweza,” alisema Hilary, kwa sababu alilelewa na watu waliokwenda kazini na homa.

Walipofika kwenye “Zamu ya Mwisho” taa za jukwaani zilikuwa zinawaka kama tanuri na ukumbi ulikuwa unatikisika. Kabla ya ubeti wa tatu Neville aligeuka kumtazama mpiga ngoma wake, kama alivyofanya siku zote, wapate kwenda sawa. Jicho zima la Hilary lilikuwa limemkazia. Mikono yake haikuacha kupiga. Na midomo yake ilisema, kwa uso mzima, polepole, kama Bessie Shackleton anavyosema na mtu wa mtambo wa tano: Nev, simamisha. Sioni. Usiinue mkono.

Akarudia. Usiinue mkono.

Neville aliyasoma maneno yote, moja moja. Hakuna mtoto wa mfumaji ambaye asingeyasoma. Kisha akawageukia watu mia tisa, akainua mkono, akaushusha.

Hilary alilazwa wiki tatu. Kidonda kilikuwa juu ya mboni, na daktari alisema kingeponywa kama angefika siku sita kabla, na kama kisingeongezewa uchafu. Jicho lile halikuona tena. Ziara ikafa, na bendi ikafa nayo. Alipoulizwa na Trevor, na Annie mama yake, na Bessie Shackleton mwenyewe mlangoni, Neville alijibu kwamba Hilary alimpigia kelele lakini kelele za ukumbi zilizidi, hakusikia. Trevor aliamini, maana alikuwa mtoto wa muuza nyama. Bessie alimtazama midomo, akafunga mlango. Hilary mwenyewe hakumkanusha kwa yeyote. Alihamia Skipton akawa mpishi wa shule, na huko alipikia watoto kwa miaka thelathini na mitatu.

Wapo wasemao ujana ni moshi, ukienda haurudi. Ni kweli, lakini moshi huacha masizi. Neville aliunda bendi nyingine mbili, zote zikafa changa. Alikunywa miaka kadhaa. Alioa, akaachwa. Bwawa ndilo lililomsimamisha, kwa kuwa lilimtaka kila alfajiri. Lakini ule uongo aliulisha. Shabiki mmoja aliandika kitabu kidogo kuhusu Kutu, na ukurasa wa mwisho ulisema “kwa bahati mbaya Neville hakusikia.” Alipoona maneno hayo yamechapishwa, alihisi nafuu, kama mtu aliyepata cheti.

Sasa cheti kilidaiwa.

“Nitafanya,” alimwambia Leanne siku ile kandoni mwa bwawa.

“Utafanya nini? Mbona mimi hamniambii?”

“Utasikia na wengine.”

Mazoezi yalikuwa Alhamisi mchana ya wiki ile ya kuaga, klabuni, ndoo mbili zikikinga maji ya paa. Hilary aliingia na vijiti vyake ndani ya mfuko wa sokoni. Alikuwa mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi.

“Habari za siku nyingi, Hilary.”

“Nyingi.”

“Nikuletee chai? Bado sukari mbili?”

“Sukari niliacha mwaka wa themanini na tano.”

Alikaa, akazungusha kiti upande wa kulia ili jicho zima limpate Neville, akaanza. Alipiga kama zamani. Leanne alitabasamu mpaka masikioni. Neville aliimba huku akitazama sakafu. Walipomaliza, alibandika ukutani orodha ya nyimbo kumi na mbili za Jumapili, na Hilary akaisogelea, akaisoma toka juu mpaka chini. “Zamu ya Mwisho” haikuwamo. Alimtazama Neville kidogo, akachukua mfuko wake, akaenda kukamata basi.

Huko ndiko Neville alikokuwa amefikia. Siku tatu nzima alikuwa amejiambia kwamba wimbo usipopigwa, mkono hautainuliwa, na mkono usipoinuliwa, huenda neno lenyewe lisihitajike. Mtu aliyezoea uongo hutafuta mlango wa nyuma hata katika nyumba aliyojenga mwenyewe.

Jumapili klabu ilijaa. Walikuja watu mia mbili na zaidi, wazee wa miaka sitini wamevaa makoti ya ngozi yasiyofunga tena tumboni, wake zao, wengine na wajukuu. Walikula pai na njegere za kupondwa katika sahani za karatasi. Doreen Tattersall, mwenyekiti wa kamati, mwanamke wa miaka sabini na tisa, aliita namba ya mwisho ya bingo akalia kidogo. Mbele kabisa alisimama Barry Hargreaves, fundi bomba mstaafu, ambaye kwa miaka thelathini na tisa alijisifu kwamba Bradford alikuwapo.

“Nev! Koo nimelilainisha tangu asubuhi!”

“Usijisumbue, Barry, utatoa na meno.”

Wakacheka. Nyimbo kumi na mbili zilikwenda vizuri kuliko ilivyostahili. Leanne alipopiga kipande alichokipenda baba yake watu walivua kofia. Neville alisema asanteni, Mungu awabariki, akaanza kuvua mkanda wa gitaa.

“Zamu!” Barry alipaza sauti. “Hamjapiga Zamu!”

“Zamu! Zamu! Zamu!” Sahani zikagongwa mezani.

“Muda umekwisha, jamani…”

Nyuma yake vijiti viligongana mara nne. Hilary alianza kupiga. Hakumwuliza mtu. Leanne akasitasita, akaingia na gitaa, na vidole vya Neville, vilivyoujua wimbo ule kuliko vilivyomjua yeye, vikamfuata. Akaimba ubeti wa kwanza. Akaimba wa pili. Mbele yake aliwaona watu wa makamo wakikohoa, wakijiandaa, wakicheka kama watoto. Ubeti wa tatu ukaja. Magitaa yakakatika. Ngoma ikabaki peke yake. Barry alikuwa amekwisha kujaza mashavu.

Neville aligeuka. Hilary alikuwa anamtazama. Midomo yake ilikuwa imefungwa kabisa.

Akarudi kwenye kipaza sauti.

“Hapana,” alisema. “Ngojeni. Hilary, ngoja.”

Ngoma ikanyamaza. Barry alimeza, akakunja uso.

“Siku ile Bradford,” alisema Neville, na sauti yake ilikuwa ndogo, “nimewaambieni sikusikia. Nimewaambieni miaka yote. Sikusikia kweli, hakuna aliyeweza kusikia. Nilisoma. Hilary alinisemesha kwa midomo, kama mama zetu. Alisema, Nev, simamisha, sioni, usiinue mkono. Alisema mara mbili. Nilielewa kila neno. Nikainua.”

Hakuna aliyecheka.

“Na ile miwani aliyovaa Preston, ilikuwa ya kujikinga. Mimi ndiye nilimfanya aivue. Basi. Ndivyo ilivyokuwa.”

Maji ya paa yalisikika yakidondoka ndooni. Kisha Doreen Tattersall akasema, si kwa nguvu, lakini kila mtu alisikia, “Nimefuma miaka kumi na tisa. Tangu siku ile nilijiuliza.”

“Mimi nilikuwapo!” Barry alikuwa mwekundu mpaka shingoni. “Nilikuwa na miaka kumi na saba! Wewe uliinua mkono, nikatema! Nimejisifu kwa wanangu, Nev! Kwa wanangu!”

“Ndiyo. Uliitikia mkono wangu.”

“Mshenzi mkubwa wewe!”

“Mwacheni aimbe!” mmoja alisema nyuma.

“Aimbe nini? Ashuke!”

“Miaka arobaini tunamnunulia bia!”

Kelele zikapanda, viti vikakwaruza, wengine walichukua makoti yao wakatoka. Neville alisimama, mikono imening’inia, asijue pa kwenda. Aligeuka kwa sababu hakuwa na upande mwingine wa kugeukia. Katikati ya makelele yale Hilary alimsemesha, bila sauti, kwa uso mzima, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Bradford. Alisema: Maliza ulichoanza. Mikono chini.

Akarudisha vijiti kwenye ngoma, mahali palepale alipoachia. Neville aliuimba ubeti wa tatu. Mkono wake wa kulia ulibaki juu ya nyuzi. Na kwa kuwa hakuna aliyetema na hakuna aliyecheka, waliobaki waliisikia ile ngoma peke yake, hatua kumi na sita za muziki, ambayo katika miaka yote ya Kutu hakuna mtu aliyewahi kuisikiliza.

Baadaye Neville alimkuta Hilary nje chini ya kibanda cha basi, mfuko wa sokoni magotini.

“Umechelewa,” alisema Hilary.

“Najua.”

“Mama alikufa akijua. Alitaka uje useme mwenyewe. Nikamwambia, ngoja, atakuja. Akangoja miaka kumi na minne.”

Neville alijipangusa mvua usoni.

“Na sijasema nimekusamehe.”

“Sijaomba.”

“Ndilo ninalolisema, Neville. Hujaomba.”

Akaomba. Aliomba vibaya, kwa maneno yaliyokatika, mvua ikimpiga kichwani kwa sababu kibanda kilikuwa kidogo na yeye hakuthubutu kumwambia asogee. Hilary alisikiliza mpaka mwisho.

“Nitafikiri,” alisema. Basi la Skipton likaja, akapanda.

Klabu ilifungwa. Barry Hargreaves alipokutana na Neville barabarani alivuka upande wa pili. Baani hakuna aliyemnunulia bia, na Neville aliona ni haki, akaacha kwenda. Wale wazee wa saa moja waliogelea siku kadhaa bila mzaha. Alimwandikia yule shabiki wa kitabu, akamwomba aurekebishe ukurasa wa mwisho. Alilala vizuri, au tuseme alilala kama walalavyo watu wengine.

Jumanne moja ya mwisho wa Novemba, saa nne asubuhi, mwanamke mwembamba mwenye nywele nyeupe alikata tiketi dirishani. Neville alimwona kupitia kioo. Alikimbilia sanduku la vitu vilivyosahaulika, akatoa miwani ya kuogelea iliyo bora kuliko zote, akaifuta kwa shati lake, akamngoja kwenye mlango wa vyumba vya kuvulia.

“Nimekuletea hii. Dawa ya maji inauma macho.”

Hilary aliitazama, kisha akaingiza mkono mfukoni.

“Ninayo yangu,” alisema, akaivaa palepale, akivuta mpira nyuma ya kichwa.

Neville hakucheka. Aliushika mlango mpaka akapita.

Siku hiyo palikuwa na watoto sitini wa shule ya msingi, na bwawa la ndani, kwa paa lake la bati na kuta za vigae, likijaa watoto halina tofauti na chumba cha mitambo. Neville alisimama kwenye nafasi yake, upande wa kina kirefu. Hilary alishuka ngazi ng’ambo ya pili, polepole, maji yakampanda kiunoni, akasimama. Aligeuza kichwa mpaka jicho lake zima likampata. Midomo yake ikatamka, kwa uso mzima, kama mtu wa mtambo wa tano.

Maji ya baridi.

Neville alilisoma neno lile. Kisha akajibu kama Annie Clegg alivyokuwa akijibu, nyusi juu, mashavu yakisaidia, bila sauti.

Ogelea. Utapata joto.

Hilary alijisukuma kutoka ukutani, akaogelea.